Viwiko vya Wapiga Kengele

Kwa mwezi wa tatu mfululizo Nerio Bonfanti alikuwa akimwaga kahawa mezani, na kila mara alikuwa na sababu. Mara birika lina mpini mbaya, mara kikombe kimesogea, mara Argia mkewe amemsemesha. Ukweli ni kwamba kiwiko chake cha kulia kilikuwa kimekwisha. Akinyoosha mkono kuinua hata lile birika dogo la vikombe viwili, maumivu yalichomoka kiwikoni yakashuka mpaka vidoleni, na vidole vikaachia. Argia, aliyeishi naye miaka arobaini na mmoja, alifuta meza bila kusema neno, na kunyamaza kwa Argia si jambo la kulichukulia kirahisi.

Angekuwa mtu mwingine angesema tu, jamani mkono unaniuma. Lakini Nerio alikuwa kapteni wa wapiga kengele wa Castelvento, na wapiga kengele wa vilima vyetu hivi vya juu ya Bologna ni watu wa vichwa vigumu. Kwetu kengele haipigwi kutoka chini kwa kuvuta kamba ndefu kama mtu anayeteka maji. Wanaume wanne wanapanda mnarani, kila mmoja anasimama juu ya boriti ubavuni mwa kengele yake, wanaibembeza mpaka inapinduka mdomo juu, wanaizuia hapohapo, halafu wanaiachia izunguke mzunguko mmoja kamili na kuidaka tena. Kengele kubwa ina uzito wa ng'ombe wawili. Kazi hiyo inakula viwiko, kila mtu anajua, na kwa kuwa kila mtu anajua hakuna anayelitaja. Ukilalamika mkono mbele ya wenzako utaambiwa ukapige kengele ya baiskeli.

Na mwaka ule kulikuwa na sababu kubwa zaidi ya kunyamaza. Siku ya Pasaka, katikati ya wimbo, kengele ya pili ilichelewa kuachiwa, ya tatu ikaipanda juu, na kilichosikika uwanjani kilikuwa kama kabati la sufuria lililoanguka. Wapiga kengele wote wanne walisingizia upepo. Wiki mbili baadaye akaja injinia kutoka mjini na kamba za kupimia, na Jumapili iliyofuata Padri Saverio akatangaza mwisho wa Misa kwamba kuna kampuni iko tayari kuzifungia kengele nyundo za sumaku za umeme. Mtu atabonyeza kitufe akiwa sakristia, chumba cha mavazi ya padri, basi, kengele zitalia zenyewe. Padri hakuwa amesaini bado. Alisema tarehe tisa Oktoba, sikukuu ya San Donnino, mtakatifu msimamizi wa parokia yetu, wapiga kengele wapige wimbo mzima kwa mikono: watu wanne, kengele nne, mwanzo mpaka mwisho. Ukikamilika, mkataba anauchana. Ukikatika, anausaini Jumatatu yake.

Padri Saverio alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mtu wa kusini, hajamaliza hata miaka miwili kwetu. Tangu siku ile Nerio alimsalimia kwa kidevu tu.

Mwezi wa Agosti Argia akamwambia mumewe kwamba yeye, Argia, ana kizunguzungu, amsindikize kwa daktari bondeni. Walipoingia ndani aliketi kwenye kiti cha pembeni, akamwonyesha daktari kile cha mgonjwa na kusema, mgonjwa ni huyu. Daktari Malvina, mwanamke mfupi mwenye vidole kama koleo, alibonyeza kiwiko cha Nerio mahali pamoja tu, na Nerio akaona nyota mchana. Kano zilikuwa zimevimba, daktari akasema, tena za siku nyingi. Dawa yake ni uga wa sumaku: unavaa mkanda wenye koili ya waya ndani yake, kimashine kidogo kinapeleka umeme kwenye koili, masaa matatu kila siku kwa siku thelathini, na mkono unapumzishwa kabisa. Katika maneno yote hayo Nerio alisikia moja.

"Sumaku hiyohiyo inataka kuninyang'anya kengele," alisema. "Leo niifunge mkononi?"

"Ile ya kengele inagonga," daktari akamjibu. "Hii haigongi. Hata hutaisikia."

"Nisichokisikia sikiamini."

"Basi amini maumivu," Argia akasema kutoka pembeni. "Hayo unayasikia."

Mashine kama hizo kwetu hukodishwa kwenye duka la dawa, na duka la dawa la Castelvento lilikuwa nayo moja tu. Mama Zoboli, mfamasia, alisema iko kwa mtu na itarudi tarehe ishirini na tano. Nerio akauliza ni mtu gani. Mama Zoboli akamwambia kwamba yeye anauza dawa, kama anataka habari za watu aende kwa kinyozi. Neno moja tu lilimponyoka: tangu majira ya baridi mashine ile haijawahi kukaa rafuni wiki nzima.

Tarehe ishirini na tano Nerio aliiweka mezani jikoni. Kilikuwa kisanduku cha kijivu chenye taa nyekundu na waya unaoingia kwenye mkanda wa kitambaa. Argia alimfunga kiwikoni, akamtoa funguo na kisu mfukoni kwa kuwa karatasi ya maelezo ilikataza vyuma, akabonyeza. Hakuna kilichotokea. Hakikupata moto, hakikutetemeka, hakikulia. Nerio aliinamisha sikio kwenye kisanduku kama anasikiliza mlango wa jirani. Alimwambia mkewe kwamba kimeharibika. Argia akamjibu taa inawaka, atulie, na akarudi kwenye unga wake.

Masaa matatu ni mengi kwa mtu asiye na la kufanya. Nerio alitazama ukuta, akatazama kalenda, mwishowe akautazama mkanda. Sehemu yake ya kunata ilikuwa imechakaa, na mtu fulani alikuwa ametengeneza kwa kuufunga na uzi wa katani. Nerio aliliangalia lile fundo, na moyo ukampiga paa.

Lilikuwa fundo la mnara wao. Uzi unazungushwa mara mbili, unapitishwa chini yake wenyewe na kulazwa bapa ili usinase kwenye mkono wa shati. Ndilo linaloshika kamba za kengele za Castelvento, na Nerio alifundishwa na kapteni aliyemtangulia, ambaye naye alifundishwa na wa kwake. Hata wapiga kengele wa kijiji cha ng'ambo hawalijui. Kwa hiyo mmoja wa watu wake aliwahi kukaa na mkanda huu kiwikoni, na hakumwambia.

Kwanza alikasirika, kama vile yeye mwenyewe hakuwa amekaa pale na mkanda uleule. Kisha akaanza kuwahesabu. Kulikuwa na Oriano, tarishi mstaafu, miaka sabini, ambaye ndiye mwenye kengele ya pili iliyochelewa Pasaka. Kulikuwa na Loris mwenye bucha. Na kulikuwa na Vainer wa kiwanda cha vigae, mdogo wao, wa miaka arobaini na nane. Alimshuku Oriano, akaamua kungoja Alhamisi, siku ya mazoezi.

Kabla ya kupanda mnarani, wapiga kengele wetu hufanya mazoezi mezani. Nyumbani kwa Nerio hutumika glasi nne za mvinyo, kila moja imejazwa kwa kipimo chake mpaka itoe sauti ya kengele yake, na kila mtu anagonga ya kwake kwa kijiko. Anayekosea anakunywa yake, inajazwa upya, wimbo unaanza mwanzo. Alhamisi ile Nerio alikaa akimtazama Oriano vidole, na alipata alichokitafuta: Oriano alishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nerio alikuwa anafungua mdomo aseme, jicho likamwangukia Loris. Kushoto. Akamtazama Vainer. Kushoto. Akatazama kijiko chake mwenyewe.

Argia alikuwa upande wa pili wa meza akisukuma unga kwa mti mrefu wa kusukumia. Mti ukasimama.

"Hivi," akauliza, "humu ndani kuna mtu mwenye mkono wa kulia?"

Glasi ya Loris iliendelea kuvuma kidogo peke yake, halafu Vainer akaanza kucheka puani, na kicheko kile kikawashika wote mpaka Oriano akalazimika kuvua miwani. Argia hakucheka. Aliingia chumbani, akatoka na kisanduku cha kijivu, akakitua katikati ya glasi.

Ndipo yote yakatoka. Oriano alikuwa nacho Machi na Aprili, Loris Mei na Juni, Vainer Julai na Agosti. Kila mmoja alikaa na mkanda masaa yake matatu nyuma ya pazia, na kila Alhamisi na kila Jumapili akapanda mnarani na kushika kamba kama kawaida ili asigundulike. Yaani sumaku ilijenga siku tano, kamba ikabomoa siku mbili. Loris alikiri kwamba buchani sasa anakata nyama kwa kushoto na wateja wanadhani amebadilisha ng'ombe. Argia alisema ameishi karibu na nyumbu maisha yake yote na hajaona kitu kama hiki.

"Sawa," Nerio akasema. "Na fundo kafunga nani?"

Walimtazama kwa mshangao.

"Si wewe?" Oriano akauliza.

"Mimi nimekipata juzi."

"Mimi nilikipata Machi, na fundo lilikuwepo." Oriano alivaa tena miwani. "Nililiona nikasema, kumbe hata Nerio. Nikafarijika, nakwambia kweli. Kila siku nikivaa ule mkanda nilikuwa kama nimekaa na wewe."

Loris akasema yeye pia. Vainer akatikisa kichwa kwamba yeye pia, akatazama chini. Miezi sita watu watatu walikuwa wamemtunzia siri ambayo wala haikuwa yake, huku wakimlinda asiaibike, na yeye alikuwa amekuja mezani kumnasa Oriano.

Alichukua mkanda ili apate mahali pa kutazama. Aligeuza fundo kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza aliliona vizuri. Fundo lao huzungushwa kwenda kulia. Hili lilizungushwa kwenda kushoto. Lilikuwa sahihi kila kitu, ila limegeuzwa kama linavyoonekana kwenye kioo. Aliyelifunga alijifunza kwa kumtazama mtu akilifunga, akiwa amesimama mbele yake uso kwa uso. Na kila mkesha wa Majilio, kamba mpya zinapofungwa, anayesimama mbele ya Nerio uso kwa uso, maji ya baraka mkononi, ni mtu mmoja tu.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana, saa ambayo Castelvento nzima imelala, Nerio alikwenda nyumba ya padri akabisha. Hakuna jibu. Mlango wa mnara haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Alizipanda zile ngazi sabini na mbili huku hasira ikipanda naye: huyu kijana anataka kuuza kengele zetu kwa kitufe, na juu yake ameiba fundo letu. Alikuwa ameshayapanga maneno yote.

Padri Saverio alikuwa amesimama juu ya boriti ya kengele ndogo, shati limelowa jasho, suruali imekunjwa. Ulimi wa kengele aliuviringishia skafu yake ya sufu usitoe sauti. Aliibembeza kengele, ikapinduka mdomo juu, akaizuia, akaiachia, ikazunguka kimyakimya, akaidaka. Macho alikuwa ameyafumba na midomo ilikuwa inahesabu wimbo wao, namba kwa namba, bila kukosea. Alichokosea ni mshiko. Kila alipodaka, kiwiko kilitoka nje kama bawa la kuku na uzito wote ukaangukia kwenye kano. Nerio alivumilia mizunguko minne. Wa tano ukamshinda.

"Kiwiko ndani, Padri," alisema.

Padri nusura aanguke. Alishuka kwenye boriti, akafungua skafu, akaikunja, akaikunjua tena. Uso wote ulikuwa mwekundu. Alisema alianza mwaka jana, wakati wa kuvuna zabibu, na Februari mkono ulivimba akakodi mashine. Hakutaka kuomba kufundishwa kwa kuwa yeye ni mtu wa kusini na alijua wangemcheka. Nerio akakubali kwamba ndiyo, wangemcheka sana.

"Sasa kama unazipenda hivi," akauliza, "injinia wa nini?"

Padri alikaa kwenye boriti. Akaeleza kwamba Pasaka, baada ya kengele kuvurugika, alitoka nyuma ya kanisa na kumkuta Oriano ameegemea ukuta wa mnara, ameshika mkono, analia. Oriano hakumwona. Padri aliwatazama na wale wengine watatu siku zilizofuata, akaona wanavyofungua milango, akaelewa.

"Nilijua hamtaacha mpaka mmoja aanguke kutoka humu juu," alisema. "Na nilijua hamtasema mnaumwa. Nikaona niwape mtu wa kumchukia. Mngeshindwa siku ya San Donnino, mngenilaumu mimi maisha yenu yote. Msingeilaumu mikono yenu."

Nerio alikaa naye kwenye boriti. Yale maneno aliyoyapanga ngazini hayakuwa na kazi tena. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona furaha ambayo hakujua aiweke wapi, kwa sababu si kila siku mtu anagundua kwamba aliyemnunia tangu masika alikuwa amejitolea kununiwa. Alitazama chini uwanjani, akakohoa, akasema mkataba ubaki vilevile. Watu wanne, kengele nne, mwanzo mpaka mwisho, la sivyo asaini. Hawataki kuhurumiwa.

"Mimi siwahurumii," padri akasema.

"Unatuhurumia. Nasi tumekusikia. Sasa shika kamba, nikuonyeshe kiwiko kinakaa wapi, halafu ukaoge uje jikoni kwangu. Unarudi kwenye sumaku."

Siku zilizobaki zilikuwa arobaini na mbili. Argia alichukua ufunguo wa mnara akauzamisha ndani ya kopo la unga, na kuanzia hapo Castelvento haikusikia kengele hata ya Jumapili. Kijijini walisema wapiga kengele wamegombana. Wengine walisema wameshahongwa na kampuni. Mama Zoboli alimkopa dada yake, mwenye duka la dawa bondeni, mashine ya pili, na jikoni kwa Argia kukawa na zamu, imeandikwa na kubandikwa mlangoni: wawili asubuhi, wawili mchana, mmoja jioni kabla ya chakula. Mwenye zamu aliketi na mkanda, asiye na zamu aligonga glasi kwa kijiko, kushoto. Oriano alidai anasikia reli ya ngazi ikimvuta. Loris alipiga magoti ya kuigiza kila taa nyekundu ilipowaka, kana kwamba ni ile ya altareni. Padri alikula kwao mara nyingi kuliko kwake, akanenepa, na akaitwa Padri Sumaku mezani pale, na hakukasirika.

Nerio hakuwahi kuzoea kutosikia kitu. Lakini wiki ya tatu Vainer aliinua kiti kwa mkono wa kulia bila kufikiri, akakishusha haraka kana kwamba amevunja sheria, na wote wakamgeukia. Wiki ya nne Loris alirudi kukata nyama kwa kulia. Kama ilikuwa sumaku, au ni kule kupumzika walikokukimbia miezi yote, hakuna aliyejua. Daktari Malvina alipoulizwa alisema kimoja bila kingine kisingefika mbali, na kwamba wao walikuwa wamejaribu nusu ya dawa.

Tarehe saba Oktoba daktari akawapima jikoni, mmoja mmoja. Vainer alipona. Loris alipona. Padri alipona. Oriano, aliyekuwa mbaya kuliko wote, alibonyezwa mara tatu kwa sababu daktari hakuamini, na alipona. Kisha akaja Nerio, na vidole vile vya koleo vilipobonyeza, Nerio akauma meno.

Daktari alishangaa. Masaa yaliandikwa sawa kwa wote, vipi huyu amebaki nyuma? Argia alikwenda mlangoni akaisoma ile karatasi ya zamu, halafu akamgeukia Oriano. Oriano akatazama viatu vyake. Hapo ikafahamika kwamba wiki nne zote, Argia akitoka kwenda sokoni au kwa dada yake, Nerio alikuwa anaufungua mkanda na kumfunga Oriano.

"Alisema wewe unajua, shemeji," Oriano akasema kwa sauti ndogo.

"Ninajua sasa," Argia akajibu.

Daktari hakuwa na maneno mengi. Wiki tatu zaidi na Nerio atakuwa mzima. Lakini akiishika kengele kubwa keshokutwa, Krismasi atalishwa kwa kijiko. Oriano alitaka kusema neno, Nerio akamzuia kwa kichwa. Alikuwa amepiga kila San Donnino tangu ana miaka kumi na tisa. Alikwenda dirishani, akasimama huko kwa muda ambao Argia alimaliza kufunga tortellini kumi na mbili, tambi ndogo za kujazwa nyama, akarudi.

"Mkataba unasema watu wanne kwa mikono," alisema. "Haukusema ni wanne gani. Vainer, kengele kubwa ni yako. Padri, ndogo."

Vainer akasema hawezi. Nerio akamwambia anaweza, amemtazama miaka kumi na tano. Padri akasema itaonekana kama amejipendelea katika hukumu yake mwenyewe. Nerio akamwambia atakayesikiliza ni kijiji kizima, akikosea watamzomea kwa ukusini wake wote.

Tarehe tisa kulikucha na jua, ubaridi mdogo, na harufu ya njugu zinazochomwa uwanjani. Argia aliutoa ufunguo kwenye unga. Kabla ya kupanda, padri alimpa ule mkataba amshikie, kwa kuwa suruali ya kazi haikuwa na mfuko. Argia aliukunjua, akautandaza kwenye sinia na kupanga tortellini juu yake zisigande. Nerio alimkumbusha kwamba wimbo haujapigwa bado. Argia akamjibu kwamba yeye amesikia glasi siku arobaini na mbili, na wasimcheleweshee maji yaliyo jikoni.

Juu mnarani wanne walipanda kwenye boriti zao. Nerio alisimama sakafuni katikati yao, mikono mitupu, na hakujua aiweke wapi. Alitoa ishara. Kengele zikaanza kubembea, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa nguvu, mnara ukaanza kwenda nazo kama unavyofanya siku zote, na moja baada ya nyingine zikapinduka mdomo juu na kusimama. Kukawa na ule ukimya ambao Nerio aliupenda kuliko sauti. Kisha padri akaachia ndogo, Loris ya tatu, Oriano ya pili, na Vainer, uso mweupe kama chokaa, akaachia kubwa.

Nerio alihesabu kwa midomo. Alisikia kila kengele ikiingia mahali pake. Ilipofika ile sehemu iliyokatika Pasaka alimtazama Oriano tu, na Oriano alimtazama yeye, na mkono wa Oriano ukaachia palepale ilipotakiwa, si mapema, si kuchelewa. Mzee yule alicheka kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Kiwiko cha padri kilikaa ndani. Kengele kubwa ilipita karibu na uso wa Nerio kila mzunguko na kumpulizia upepo, ambao hajawahi kuupata miaka yote kwa sababu alikuwa amesimama upande wa pili, na machozi yalimtoka na akayaacha yatoke. Uwanjani watu walikuwa wameinua vichwa. Mlangoni mwa kanisa mtunza sakristia alikuwa akitoka na kuingia, kwa kuwa muda wa Misa ulikuwa umepita na padri haonekani popote.

Wimbo ukafika mwisho. Mwisho kapteni hutoa ishara ya mkono juu ya kichwa, maana kule juu sauti ya mtu haisikiki, na wote wanne hudaka kwa pamoja. Nerio aliinua mkono. Kengele nne zikasimama mdomo juu, kwa mpigo mmoja, na kutoka chini kukapanda kelele ya kijiji kizima.

Vainer alikuwa anabusu boriti. Padri alikuwa anajipangusa mafuta ya kamba kwenye suruali na kuuliza saa. Ni Oriano aliyemtazama kapteni wake, ambaye bado alikuwa amesimama vilevile.

"Nerio," alisema, "shusha mkono basi, tumeshasimama."

Nerio alitazama juu. Ulikuwa wa kulia, umenyooka mpaka mwisho, na haukuuma. Akauacha hukohuko kidogo zaidi.